Sehemu ya Pili

Mutheu ameniandikia kutoka Nairobi:
Mwanatunu arudi. Wachezaji wanamdai.
Sentensi moja ya kufungulia, isizidi maneno kumi,
na iwafae wote.

Wote.
Rahisi kusema ukiwa ghorofa ya tisa.

Katika gemu ya kwanza, mlinzi huyu wa Daraja la Mifupa
nilimuumba mwenyewe, hapa Langoni, juu ya duka la saruji,
feni ikikwaruza kama mtu anayekuna nazi kwa hasira.
Nilimpa kilemba cha kijani, woga wa popo,
ulimi wa pilipili mbuzi.
Mchezaji nikampa hiari:
amwokoe, au amuuze kwa Mfalme wa Majivu
apate ngao.
Ilikuwa ngao nzuri. Nusu yao walimuuza.

Sasa anarudi, na mbele yake wamesimama maelfu
katika mwili mmoja:
aliyembeba mgongoni usiku wa mafuriko,
aliyeuliza bei yake na kuomba nyongeza,
na yule aliyepita mbio bila hata salamu,
alikuwa anatafuta farasi.
Atawaambia nini, kwa kinywa kimoja?

Nimejaribu.
"Tumeonana tena, shujaa." Hilo ni bango la hoteli.
"Yaliyopita si ndwele." Ndwele ni zake, mimi nani nizigange?
"Sikutarajia kukuona." Mwongo! Miaka sita anangoja
ndani ya diski, na kilemba kile kile.
Nikamwandikia hotuba ya hekima. Akaitoa vizuri,
bila kukwama, na hakuwa yeye.
Popo angemtua begani asishtuke.

Alasiri stima ikakatika, nikashuka kununua tokeni.
Usita wa Mui ulikuwa umezibwa na punda wawili wa matofali,
mwenyewe akigombana na simu.
Nikajibana ukutani wapite,
na upande wa pili wa punda, amejibana vile vile,
Barke.

Barke Famau.
Posa yetu niliivunja kwa ujumbe wa simu,
maneno tisa, nayahesabu hadi leo.
Nilisikia ameolewa Faza, kisha nikasikia hakuolewa;
faili zangu juu yake hazilingani.

Punda wakapita.
Akanitazama kama mtu anayesoma bei.
"Mwavuli wangu ungali kwako," akasema.

Basi.
Hakucheka, hakununa. Akaenda zake na mfuko wa vitunguu,
nami nikabaki na majibu matatu ulimini,
kama yanavyopangwa chini ya skrini,
nikachagua la mwisho:
Nyamaza.

Usiku nimeipekua gemu ya kwanza tangu mwanzo.
Dakika ya kumi na mbili, kabla ya usaliti, kabla ya wokovu,
Mwanatunu anampa mchezaji kijiko cha mti
alie uji. Kila mchezaji. Hakuna njia ya kukikwepa.
Sikumbuki kwa nini nilikiandika. Hakina nguvu yoyote,
sokoni bei yake shaba mbili.

"Kijiko changu kingali kwako."

Maneno manne. Nimempelekea Mutheu.
Ameuliza: hapo amekasirika au amesamehe?
Mwigizaji wa sauti lazima ajue.
Nimemjibu: aseme kama mtu
ambaye alikuwa na kijiko kimoja tu.

Mwavuli uko nyuma ya mlango,
wa maua ya zambarau, ubavu mmoja umevunjika.
Fundi wa Mkomani anataka shilingi mia mbili.
Leo nimepita dukani kwake mara mbili,
mkono mtupu.