Mkia

Februari, Oulu. Theluji imeziba dirisha la gereji.
Urho amepiga magoti nyuma ya pikipiki yake
kama mtu anayekama ng'ombe mkorofi.
Bolti ya nne imeshika kutu. Anaitukana kwa upole.

Msumeno unatafuna plastiki,
harufu inapanda mpaka jikoni,
na madigadi ile ndefu, ya kiwandani,
inaanguka sakafuni: pa!

Sasa waya. Nyekundu na nyeusi kazichanganya;
akiwasha indiketa ya kushoto, taa ya breki inakonyeza.
Anaanza upya, bisibisi kaibana mdomoni.

Kiti cha abiria nacho kimeng'olewa.
"Na mimi?" Hilkka aliuliza mlangoni, kikombe mkononi.
Hakujibu. Alikuwa anapiga msasa.

Mei, barabara zikiwa bado na rojorojo, akaondoka,
mkia umechongoka kama wa nyigu,
taa nyembamba kama mstari wa kalamu.
Majirani walitoka kutazama.

Akarudi na mchirizi wa tope
kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Hilkka akampa ndoo, na brashi,
akarudi ndani.

Madigadi ipo nyuma ya kabati.
Hakuna anayeitaja.