Mto wa Ubavu

Mama hulalia ubavu wa kushoto
tangu bega la kulia litiwe vyuma.
Kiganja chini ya shavu, na asubuhi
anaukung'uta mkono kama kitambaa cha sahani:
umekufa ganzi.

"Aikande, nishonee mto," akaniambia. "Usiwe gunia."

Nikampima. Si kiuno, si kifua:
kutoka sikioni hadi ncha ya bega,
shingo imenyooka kama uzi wa timazi.
Vidole saba. Akacheka.
"Miaka sitini na nane, hapo hajawahi kunipima mtu."

Wa kwanza niliujaza sponji za Kiboriloni.
Kichwa kikapanda, shingo ikapinda
kama mgomba wenye mkungu usiotiwa nguzo.
Wa pili, pamba. Kufika saa nane za usiku
mto umelala, yeye hajalala.
Wa tatu, sufi, kwa Kimario wa Mbuyuni.
Nikaichambua mbegu moja moja mlangoni Majengo,
manyoya yakipaa hadi kwenye uji wa jirani.

Usiku, mguu juu ya cherehani, nikawaza:
hawakukosea walioita mto, mto.
Tazama Karanga pale chini ya daraja,
kingo mbili zimeinuka, katikati bonde,
na maji hayahangaiki pa kulala.
Nikachora hivyo hivyo kwa chaki:
ukingo wa shingo, bonde la sikio,
na pembeni nikakata mwezi mchanga
bega lipate pa kuingilia.
Nikaongeza kijito chembamba, cha kuweka katikati ya magoti.
"Hiki cha nini?"
"Cha kiuno, Mama."
"Kiuno changu kimehamia magotini?"

Julai, baridi inauma. Nikampelekea.
Akalala. Hakusema asante.

Wiki ya pili nikakuta mshono wa ubavuni umefumuliwa,
umeshonwa tena kwa uzi mweusi,
hatua ndefu ndefu za mtu asiye na miwani.
Juu ya kabati, ndani ya mfuko wa sukari, konzi ya sufi.
"Ulizidi kidogo. Hiyo weka, usitupe."

Nikangoja asinzie. Nikapima upya.
Vidole sita, na nusu ya kidole.
Kumbe siku ile alijikaza,
kama mtu anayepigwa picha.