Chapati Yenye Tumbo

Kwetu Kibos chapati ilikuwa ya Krismasi,
nyembamba, tambarare, haina la kuficha.
Ilihesabiwa: mbili kwa mtu mzima, moja kwa mtoto,
na mgeni akipiga hodi, inayokatwa ni yako.

Kwa Biji Harbans, nyuma ya mzani wa miwa,
nilikuta nyingine, Jumanne tupu isiyo na sikukuu,
nimetumwa na mama kurudisha debe la samli.
Ilikuwa nene kidogo, ina madoa kama kanga,
imekaa kwenye sahani ya bati bila majivuno.
Nikaimega nikidhani naijua.
Mvuke ukanipiga puani.
Kumbe ndani mna wenyewe!
Kiazi, tangawizi, pilipili mbichi, giligilani,
na punje ndogo nisiyoijua jina,
iliyonukia dawa kwanza, kisha nyasi, kisha utamu.
Nilikula nimesimama, debe bado mkononi.

Mama alipouliza nimekawia wapi
nilisema Biji alikuwa anaswali.
Midomo yangu iling'aa samli.

Miaka kumi baadaye nikaajiriwa jikoni mwake.
"Kiazi kikiwa na maji umeshindwa kabla hujaanza,"
alisema kwa Kiswahili chake cha shambani,
kilichokunja Kijaluo cha wakata miwa
na Kipunjabi alichokitunza kwa kugomba tu.
Unachukua donge. Unalibonyeza liwe kikombe.
Unatia ujazo, si mwingi, si wa uchoyo,
unakusanya kingo kama anayefunga noti
kwenye ncha ya leso siku ya soko,
unafinya, unageuza, unasukuma
polepole,
kutoka kando, kamwe si katikati.

Langu lilipasuka.
La pili nalo.
La tatu lilipasuka upande mmoja tu, nikajiona fundi.
"Unga hauna kosa," Biji akasema.
"Mkono wako unawahi wapi?"

Kulikuwa na msimu wa figili pia.
Figili hulizwa kwanza: chumvi, subiri, kamua,
na yale machozi yake ndiyo unayokandia unga.
Nyumba nzima hunuka, majirani hufunga madirisha,
kisha hufungua milango, waje kuomba.

Nilipoolewa Maragoli nilizibeba kumi kwenye kitambaa.
Mama mkwe, Kageha, aliigeuza yake mara tatu.
"Chapati gani hii imemeza mboga?
Mtu atajuaje amekula mboga kiasi gani?"
Akala nne.
Wiki iliyofuata alijaribu kutia mrenda.
Jambo hilo hatulizungumzi.

Sasa mzani wa miwa umeshika kutu,
wana wa Biji hupiga simu kutoka Uingereza
kumuuliza kama anakula,
naye huwajibu kwa kuwatajia bei ya viazi.
Macho yake yameingia ukungu mweupe.
Huketi kwenye kigoda karibu na jiko,
mtandio umemteleza mabegani,
bakuli la maziwa ya mgando mapajani,
kopo la achari ya embe miguuni kama paka.
Mimi ndiye ninayesukuma.
Yeye husikiliza.

Husikia mti ukizunguka kibaoni, huniambia "nene bado."
Husikia samli ikigusa tawa, huniambia "punguza moto."
Jana mvua ilikuwa inashuka kutoka vilima vya Nandi,
mabati yakipiga kelele, nikadhani nimepata nafasi.
Donge likaachia mdomo.
"Imepasuka?"
"Hapana, Biji."

Kipande cha kiazi kilichotoroka
kikaangukia pembeni mwa tawa kavu,
kikalia tsss,
kikanisaliti mbele ya mvua yote.

Biji akacheka mpaka maziwa yakamwagika.
Kisha akanyosha mkono, kiganja juu,
vidole vyake vilivyozoea moto vikiitafuta harufu.
"Nipe," akasema. "Nipe hiyohiyo."