Sekunde Sita

Jedwali lilisema: saa nne na dakika kumi na saba usiku
kivuli cha Io kitamwangukia Europa.
Halikusema hivyo hasa. Liliandika kumi na tisa na kumi na saba,
saa ya dunia, isiyojua macheo yetu,
nami nikajumlisha tatu, nikatoa kumi na nane,
kwenye karatasi iliyofungia vitumbua.

Tulipanda jiwe la Mabatini, nyuma ya choo cha mama Ng'wasi.
Umeme ulikatika tangu magharibi.
Kwa mara ya kwanza nikalishukuru shirika.

Ziwani taa za dagaa zimejenga mji wa pili.
Wadudu wanapanda kama moshi wa kuni mbichi,
wanaingia kwenye darubini, masikioni, kwenye neno ninalotaka kusema.
Nafuta kioo kwa ncha ya kitenge.
Holo ameshika redio ya babu yake, asubiri milio ya saa, ahesabu.

Mshtarii yuko upande wa Ukerewe.
Miezi minne, misumari minne kwenye ubao mmoja,
na mwaka huu ubao uko usawa wa jicho:
hupishana, huzibana, hutiana kivuli.
Ukishainama, ni kungoja miaka sita.

Sita iliyopita palikuwa na wingu.
Holo alikuwa mgongoni, akilia kwa niaba yangu.

Usidhani utaona kivuli.
Ni nukta inayofifia,
kama utambi ulioshushwa na mtu anayejali mafuta.
Na jambo lenyewe limekwisha zamani,
lilikwisha tulipokuwa tunachambua mchele;
mwanga ndio kwanza unafika, umechoka, haujala.

"Sasa?"
Bado.
"Sasa?"
Mbwa mmoja Igogo. Pikipiki. Bado, mwanangu, hesabu tu.
Halafu nukta ikagusa chini kabisa
nami nikasema *sasa* kwa sauti nisiyoitambua.

Sekunde sita baada ya jedwali.

"Nani kachelewa, mama, sisi au wao?"

Mchana, kiwandani Ilemela, napima minofu ya sangara.
Mzani ukikosea gramu sita
hakuna anayemlaumu samaki.
Mwezi haujawahi kuchelewa, Holo.
Uko pale hasa unapokuwa.
Kilichochelewa ni hesabu,
na hesabu ina adabu: ukiionyesha, inasogea.

Nikaandika kwa kurunzi iliyofungwa kitambaa chekundu:
*Imechelewa sita, ongeza au toa moja na nusu.
Anga safi. Wadudu wengi.
Mhesabuji: Holo, miaka minane.*
Kesho nitaituma kwa wale wanaokusanya,
na mahali fulani, katika namba ndefu kuliko foleni ya kivuko,
tarakimu ya mwisho mwisho itageuza shingo.

Umeme ukarudi.
Mabatini nzima ikapiga vigelegele,
nyota zikapungua,
na Holo, redio kifuani, macho yamefumba,
alikuwa amefika mia nne na tatu.