Namna ya Kushindwa

Mhasibu wa hospitali, kila mwisho wa mwezi,
hunisukumia karatasi ya mshahara huku akicheka:
"Na wewe unalipwa kwa kucheza."
Nacheka pia. Kwapani nimebana mpira wa plastiki,
mfukoni kete zinagongana.

Chumba changu kiko nyuma ya wodi ya mifupa,
zamani kilikuwa stoo ya magodoro.
Dirisha moja, na dirishani jiwe
kubwa kama lori, jiwe la Mwanza lisiloomba ruhusa.
Ukiinama kidogo, kati ya jiwe na ukingo wa bati,
unaliona ziwa, upana wa mkanda.

Asubuhi huja Masalu, fundi wa injini za boti, Kirumba.
Kiharusi kilimkuta ameinamia plagi.
Tangu hapo mkono wa kulia ni mgeni,
umelala mapajani, hausalimii mtu.
Fomu ina kisanduku kimeandikwa LENGO.
Daktari alijaza: aongeze nguvu ya kushika.
Mimi nilimuuliza mwenyewe. Akafikiri,
nami nikanyamaza, maana hiyo nayo ni kazi,
kunyamaza hadi kiti kianze kulia,
akasema: "Nifunge vifungo vya shati langu
kabla mke wangu hajaamka."
Nikayaandika hayo juu ya ya daktari, kwa wino mwekundu.

Basi tunacheza bao. Yeye huliita isolo.
Komwe ni kitu kidogo, laini,
huteleza, hakina huruma na dole gumba.

Kushindwa kuna ufundi wake.
Ukishindwa upesi, mgonjwa hunusa.
Ukishindwa mara tatu mfululizo, umemtukana.
Kosa liache mahali ambapo mkono wake
itabidi usafiri kulifuata:
shimo la mwisho, kulia, pale anapopaogopa.

Siku ya kumi na tisa aliinua macho.
"Umeniachia."
Nikakana.
"Umeniachia. Nimefungua injini miaka kumi na minne,
najua nati iliyolegea
na nati iliyolegezwa."

Tukapanga upya. Nikamfunga vibaya, bila aibu.
Akafoka kwa Kisukuma, akapiga ubao ngumi,
kete zikaruka hadi mlangoni.
Ngumi ya kulia.
Tukautazama ule mkono, yeye na mimi,
kama watu waliosikia hodi usiku.

Lakini usidhani ni hivyo kila siku.

Nyanjige ana miaka kumi na mitatu.
Karabai ya baba yake ililipuka mikononi mwake, huko Kome,
na vidole vikapona vimeshikana.
Wiki nne uso wake ulikuwa ukutani.
Nilileta shanga. Nilileta rangi.
Nikaimba, nikaimba vibaya makusudi.
Ukuta ulinishinda.
Siku hizo nilipanda kilima kurudi Mabatini
nimechoka kuliko wapakua dagaa,
na sikuwa nimebeba kitu.

Jumatano mvua ilinikuta wodini kwake.
Nikakaa sakafuni, sina mpango,
nikatoa vijiwe mfukoni, nikajaribu mdako
ambao dada zangu walinikataza kuugusa.
Nikarusha, nikakosa. Nikarusha, kikaingia chini ya kitanda.
Nikakifuata kwa magoti, nikarusha tena, kikanipiga jicho.

"Unatazama mkono," sauti ikasema.
"Usitazame mkono. Tazama kijiwe."

Sikumwachia chochote, naapa.
Mdako siujui.
Akateremka kitandani, bandeji na yote,
akakisukuma kijiwe kwa ukingo wa kiganja
kunionyesha pa kuanzia.

Jioni, kwenye fomu, nilikaa na kalamu muda mrefu.
Nguvu ya kushika: haijapimwa.
Maoni: amenicheka. Sekunde nne, labda tano.

Kesho saa tatu tuna kipindi.
Ameniagiza nitafute vijiwe vya ziwani, vya duara,
hivi vyangu, kasema, ndivyo vinavyonidanganya.