Mepo Nyuma ya Jiko

Niliukuta mwisho wa Septemba, mlangoni pa duka la miche,
kwenye toroli la vitu visivyotakiwa:
pauni nne, lebo imefutika, chungu kimepasuka ubavu,
majani mawili yamebaki, na hayo yanaaga.
Msichana wa dukani alinitazama kama anayeniuzia maiti.
"Ni mepo," alisema. "Ya Kijapani. Nadhani."

Nikaupakata ndani ya basi hadi Kirkcaldy,
vijiti vyake vikinitekenya shingo,
nami nimetoka zamu ya usiku, nanuka dawa na uji wa wazee.

Jirani yangu Geddes, aliyekata linoliamu kiwandani miaka thelathini,
aliinama juu ya ukuta, akaupima kwa jicho moja.
"Upepo wa bahari utaukaanga.
Huo ni mti wa watu wenye kuta ndefu."
Ukuta wangu unanifika kiunoni.
Basi nikaukingia upepo kwa mbao za kitanda cha Nassoro,
yeye yuko Leeds, kitanda hakina mtu.
Nikachanganya udongo mchachu na maganda ya misonobari,
nikaacha shingo ya shina nje, ipumue;
mti huu ukiuzika shingo haulalamiki,
hunyamaza tu, halafu siku moja unagundua
ulikuwa ukimwagilia kuni.

Desemba ulikuwa fimbo.
Januari, fimbo.
Kule kazini Bi Effie Lumsden, mwenye miaka tisini na mmoja,
alikuwa amesahau jina langu, jina la mumewe, na njia ya msalani,
lakini kila usiku, nikimgeuza ubavu, aliuliza:
"Umechipua?"
Bado, Effie.
"Mvivu huyo."

Aprili ukafungua ngumi.
Vingumi vyekundu, vyenye mikunjo,
kama vya mtoto wa siku moja anayeukataa ulimwengu.
Kisha, katikati ya Mei, redio ikatangaza jalidi.
Nilikuwa na dakika kumi kabla ya basi la kazini.
Nikavua kanga niliyojifunga, nikauvisha mti,
nikabana kwa vibanio vya nguo.
Usiku kucha ukasimama gizani na maandishi yake kifuani,
yakielekea kaskazini:
SINA DENI NAWE, PITA ZAKO.

Asubuhi, Geddes alikuwa amesimama ukutani na chai yake.
Nyanya zake zilikuwa zimelala chini, nyeusi.
Akauliza ile nguo imeandikwa nini.
Nikamfasiria. Akanywa funda moja, polepole.
"Unazo ngapi?"

Watu hupenda kuniambia: mti huo ni wewe,
umetoka mbali, umeshika mizizi.
Nawaitikia, nisionekane nina kiburi.
Lakini mti wangu ni wa kupandikizwa:
juu mwekundu, wa kujionyesha,
chini mizizi ya mwingine, wa kijani, asiye na lebo,
na kila Juni huyo wa chini husukuma chipukizi
kupitia chini ya kovu, anadai mti wake.
Ukimwachia, mwekundu atakufa.
Nachukua mkasi. Namkata. Mwaka wa nne sasa namkata,
na kila mara mkono wangu husita kidogo.
Tafadhali msiniulize mimi ni yupi.

Oktoba hii ukawaka.
Siku tisa tu, halafu upepo ukaja kuchukua chake.
Nilikuwa nimewahi jani moja, nikalibana ndani ya kitabu cha zamu,
nikampelekea Effie.
Akaliweka juu ya kiganja chake, kidole juu ya kidole.
Akahesabu. Akahesabu tena.
"Saba. Hivi viwili ni vya nini?"
Vya akiba, nikasema.
Akacheka hadi nikaogopa kifua chake.
Kisha akalifumbata, akafumba macho,
na nilipofika mlangoni kuzima taa
akaniuliza kama umechipua.