Mkalimani

Miaka kumi na tisa nasimama kati ya kizimba na meza,
kinywa changu daraja la Nyali: kinapitisha, hakichagui.
Leo kaletwa Bi Mwanaesha Shalo wa Kuze,
shahidi wa tatu, buibui lanukia udi na iliki,
aulizwa alisikia nini usiku ule, nyumba ya pili.

"Kwanza nalisikiya ukemi," akasema.
"Kisha ukunga. Kisha unyende, mwembamba,
kama uzi upitao tundu ya sindano.
Kisha kite. Kisha sikusikiya kitu."

Wakili Mutiso akanigeukia. "Kwa ufupi?"

Kwa ufupi. Nikapekua mfuko wangu wa Kiingereza.
Limo neno la mtoto aliyemwagiwa maji baridi;
breki za lori huliazima pale Makupa,
na wanaume wazima uwanjani, timu yao ikifunga.
Mwalimu wangu, Bi D'Souza, alisema lilishuka kaskazini,
kwa watu wa barafu; mwenyewe hakuwa na hakika.
Mengine, alisema, hayakutoka popote.
Ni koo lenyewe limejiandika.

Lakini ukemi una mtu upande wa pili,
una anayetarajiwa kuitika.
Ukunga waita mtaa mzima,
na mtaa ukinyamaza, ni deni.
Unyende hauiti mtu.
Kite ni cha mwanamke na ukuta.
Sauti hizo nne ni ngazi. Yule alishuka kidato kwa kidato,
nami naambiwa niseme tu kwamba alianguka.

"Alipiga kelele," nikasema, kwa lugha yao.
Karani akaandika. Haikumchukua hata muda wa kumeza mate.

Bi Mwanaesha hajui Kiingereza, ila hesabu anaijua.
"Nimekupa mane, mwanangu. Mbona limetoka moya?"

Kicheko kidogo kule nyuma. Hakimu akavua miwani,
akamtaka shahidi aonyeshe alivyosikia.

Akaonyesha.

Kunguru wa paani waliruka wote. Askari wa mlangoni
akashika kofia, kana kwamba kapitiwa na upepo.
Mshtakiwa, tangu saa tatu akitazama kucha zake,
akaacha kutazama kucha.

"Mkalimani," akasema hakimu, taratibu. "Tafsiri."

Nikafungua kinywa. Daraja tupu, hakuna gari.
"Mheshimiwa, naomba iandikwe vivyo hivyo."
"Vivyo hivyo vipi?" karani akauliza, na ana haki.
Akaacha mstari mtupu. Nimeuona, ukurasa wa kumi na mbili,
na kituo mwishoni mwake.

Jioni, Kibokoni, naosha miguu uani,
binti yangu akaniita toka darini: chai imeiva.
Ukemi, nikajua, ukemi mtupu.
Sikuitika upesi.
Nilitaka aite tena.